Tawi la Garissa, Tawi la Wajir

Sogezeni viti, nyinyi mliobaki na funguo za chumba cha kompyuta. Keki yenu ya kuniaga nimeila, na saa ya ukutani mliyonipa nimeitundika sebuleni, mahali ninapoweza kuiona bila kulazimika kuitii. Sasa nina muda. Kazini mliniuliza mambo mengi huku nimeshika mengine, nikawa nawajibu nusunusu. Leo nataka kuwasimulia kwa utulivu jinsi nilivyojifunza kuunganisha matawi ya programu, maana wengi wenu kazi hiyo mmeikuta ikiwa kitufe kimoja kwenye skrini.

Nianze na maelezo mafupi kwa yeyote atakayesoma haya naye si wa kazi yetu. Programu ni maandishi tu, mistari ya maagizo ambayo kompyuta huyasoma na kuyatekeleza. Watu wawili wakichukua nakala ya maandishi yale yale, kisha kila mmoja akaendelea kubadilisha yake mahali pake, nakala hizo mbili tunaziita matawi. Zimetoka kwenye shina moja, lakini kila wiki zinazidi kutofautiana. Siku moja inabidi ziwe programu moja tena, yenye mema ya pande zote mbili. Hapo ndipo kazi huanza, na ndipo marafiki huanza kununiana.

Nilifika Garissa kutoka Hola miaka ya tisini ikiwa bado michanga, nikiwa na cheti cha kompyuta, begi moja, na imani kwamba najua mengi. Shirika lililoniajiri lilikuwa likipeleka maji kwenye makazi ya wafugaji wakati wa ukame, kwa malori ya tangi ambayo sote tuliyaita maboza. Kwenye mti wa uani waliishi kongoti, ndege wale wakubwa wenye upara, wakisimama kutwa kama wakaguzi wa hesabu waliokataa chai. Chumba cha kompyuta ndicho pekee kilichokuwa na kiyoyozi. Kiliwekewa mashine, lakini watu nao hawakukawia kugundua kwamba mikutano yote muhimu inafaa kufanyiwa humo.

Mkuu wangu alikuwa Mwalimu Mutua, mtu wa Mwingi, aliyefundisha hisabati sekondari kabla ya kuingia kwenye programu. Jina la Mwalimu lilimfuata, na tabia pia. Siku yangu ya kwanza alinipa brashi ya kupakia rangi, mpya, bado ina bei yake.

"Hii ndiyo kalamu yako ya kwanza, Rukia," akasema.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Wiki nzima nilisugua vumbi kwenye kibodi, kwenye matundu ya mashine na kwenye meno ya printa, kwa sababu vumbi la Garissa ni jepesi kama unga na halibishi hodi. Disketi tulizihifadhi ndani ya makopo ya maziwa ya unga, zimefungwa kwa kitambaa, kifuniko kimebanwa. Mwalimu alikuwa akiniambia, "Mtu anayeshindwa kutunza disketi moja nitampaje programu nzima?" Nilipoanza kuandika mstari wangu wa kwanza nilikuwa tayari naiheshimu mashine ile kama mgonjwa niliyemuuguza.

Programu yetu ilipanga ratiba ya maboza. Ilichukua kila makazi, idadi ya watu wake, na maji wanayohitaji kwa wiki, halafu ikatoa karatasi inayosema boza liende wapi na mara ngapi. Mwalimu aliiandika ihesabu kwa mapipa, kwa sababu wakati ule kila mtu, kuanzia dereva hadi mama anayeteka, alipima maji kwa pipa. Mstari wa mwisho kabisa wa hesabu ulichukua jumla ya mapipa, ukazidisha kwa mia mbili kupata lita, maana pipa moja ni lita mia mbili; kugawa kwa ujazo wa boza kulifanyika baadaye, wakati wa kuchapa karatasi. Ukumbukeni mstari huo.

Wajir kulikuwa na mwenzetu, Abdirashid. Alizaliwa huko huko, akasoma Nairobi, akarudi kwao na kompyuta moja na jenereta yenye kikohozi. Kwa muda mrefu nilimjua kwa sauti tu, kupitia redio ya upepo, ile tuliyozungumzia kituo kwa kituo. Ilikuwa sauti nzito ya mtu mrefu mwenye mabega. Siku alipokuja Garissa, mtu mfupi mwembamba alisimama mlangoni akasema, "Abaayo Rukia, salaam aleikum," nikageuka kutafuta mwenye sauti alikuwa wapi. Abaayo ni dada kwa Kisomali, na hajawahi kuniita kwa jina jingine hadi leo.

Mwalimu alimpa Abdirashid nakala ya programu, na hivyo ndivyo matawi yetu yalivyozaliwa. Hakuna aliyekaa akaamua. Barabara za Wajir zilitaka hesabu tofauti za mafuta, akaibadilisha yake. Sisi tulikuwa na makazi ya kando ya mto Tana ambayo hayakuhitaji kitu wakati mto umejaa, tukaibadilisha yetu. Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri. Kisha makao makuu yakataka ratiba moja ya mkoa mzima, itoke Garissa.

Mara ya kwanza tuliunganisha sakafuni. Abdirashid alikuja na karatasi zake zilizochapwa, ndefu, zenye matundu pembeni. Sisi tukatandaza zetu sambamba, tukavua viatu, tukatambaa katikati yake na kalamu nyekundu. Mahali fulani nikaona mstari ambao uko kwa Wajir na kwetu haupo.

"Huu uliongeza wewe?" nikamuuliza Abdirashid.

"Sijui. Labda mliuondoa nyinyi."

"Sisi hatukuuondoa."

"Una hakika?"

Sikuwa na hakika. Mwalimu naye hakuwa nayo. Nakala ya mwanzo, lile shina lenyewe, tulikuwa tumeifuta kwa kuandika kazi nyingine juu yake kwa sababu disketi zilikuwa haba. Abdirashid akakaa kitako juu ya karatasi akasema, "Watoto wawili wamerudi malishoni. Mmoja ana mbuzi kumi, mwingine ana kumi na mmoja. Yule mmoja wa ziada kazaliwa huko, au wa huyu mwingine kaliwa na fisi? Hutajua, abaayo, mpaka ukumbuke asubuhi walitoka na wangapi."

Ndiyo hiyo, wapenzi wangu, siri ya kazi nzima, nami nimeieleza kwa maneno hayo hayo kwa kila niliyemfundisha. Ukiwa na nakala mbili tu unaona kwamba zinatofautiana, basi. Ukiwa na ya tatu, ile ambayo zote mbili zimetoka, unajua nani aliongeza na nani aliondoa. Siku ile tulibahatisha, na nusu ya tulichobahatisha tulikirekebisha mwezi uliofuata.

Mwalimu aliporudi kutoka safari ya Nairobi alileta disketi aliyopewa na rafiki yake wa chuo kikuu. Ndani yake mlikuwa na programu ya kutunza matoleo. Kila ukibadilisha faili unaliweka humo, unaandika umebadilisha nini na kwa sababu gani, na toleo la zamani halipotei. Ukitaka kuunganisha, unaipa shina na matawi mawili, inayalinganisha yote matatu kwa pamoja. Pale ambapo tawi moja tu limebadilika, inachukua badiliko hilo bila kukuuliza. Pale ambapo wote wawili mmegusa mstari ule ule, inaweka mishale ya kutisha, maandishi yako juu, ya mwenzako chini, uamue mwenyewe. Huo ndio mgongano. Mkiiona mishale kwenye skrini zenu za leo msiichukie. Ni mishale ile ile, tumezeeka nayo.

Mara ya kwanza chombo hicho kilipomaliza kazi bila kuonyesha mshale hata mmoja, nilipiga makofi. Mwalimu akanitazama juu ya miwani.

"Unashangilia nini?"

"Hakuna mgongano, Mwalimu."

"Hakuna mistari iliyogongana. Sasa nenda redioni, umsomee Abdirashid ulichobadilisha, naye akusomee chake."

"Lakini imeshaungana."

"Chumvi na sukari pia huungana, Rukia."

Hivyo ikawa desturi ya ofisi. Baada ya kila muunganisho, mmoja anakaa kwenye redio ya upepo Garissa, mwingine Wajir, na tunasomeana mabadiliko mstari kwa mstari. Redio ile haikuwa ya siri. Vituo vyote vya mkoa vilikuwa kwenye mawimbi yale, na waendeshaji, kwa kukosa burudani nyingine, walitusikiliza. Kuna siku mwendeshaji wa Rhamu aliniuliza kwa upole kama bado nina tatizo na "ile mabano ya jana". Nilimjibu kwamba nimeyafunga. "Alhamdulillahi," akasema.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Mvua zilikosa msimu mmoja, zikakosa wa pili. Buna, kule kaskazini ya Wajir, mashine ya kisima iliharibika na kipuri hakikupatikana. Vijana walikuwa wameondoka na ngamia na ng'ombe wenye nguvu kutafuta malisho mbali, wakaacha makazini kina mama, watoto, wazee na irmaan. Irmaan ni wanyama wa maziwa: ngamia wachache wenye ndama na mbuzi wanaokamuliwa. Huo ndio uliokuwa mlo wa watoto. Irmaan wakifa kwa kiu, hata maji ya kunywa yakiwepo, mtoto hana chakula. Kila asubuhi mwendeshaji wa redio wa Buna, Dahir, aliita Wajir kueleza hali, na kila asubuhi sauti yake ilipungua maneno.

Miezi hiyo kila tawi lilipata badiliko kubwa. Letu nililiandika mimi. Tulikuwa tumepata maboza mapya yenye mita za lita, na madereva walichoka kugeuza lita kuwa mapipa kichwani. Basi nikaibadilisha programu yote ihesabu kwa lita tangu mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa kazi safi, nami naisifu bila aibu. La Wajir aliliandika Abdirashid. Shina lilihesabu maji ya watu peke yao, kwa sababu kwetu Garissa mifugo hushuka mtoni. Wajir hakuna mto. Akaongeza sehemu mpya katikati ya hesabu, inayochukua idadi ya irmaan wa kila makazi na kuingiza maji yao kwenye jumla. Nayo ilikuwa kazi safi.

Disketi yake ilikuja na gari la miraa likirudi tupu kutoka Wajir, kwa kuwa katika mkoa mzima hilo ndilo lililokuwa gari pekee lililofika kwa wakati. Mwalimu hakuwepo, alikuwa Mwingi akimwoza binti yake. Nikaunganisha mwenyewe. Chombo kikafanya kazi yake, kikanyamaza. Hakuna mshale. Badiliko langu lilikuwa mwanzoni na mwishoni mwa faili, la Abdirashid lilikuwa katikati, wala hatukugusana hata bega. Nikaijenga programu, yaani nikayageuza maandishi kuwa lugha ya mashine, nikaiendesha, printa ikaanza kulia kama cherehani mbovu, ratiba ikatoka. Nikaitazama. Makazi ya Garissa niliyoyajua kwa moyo yalikuwa sawasawa kabisa.

Mlangoni alisimama Gedi, mkuu wa usafiri, bonge la mtu, koti la kijani katika joto lile, ambaye kwa lafudhi ya Kisomali p yote huwa b. Maboza yalipangiwa kuondoka alfajiri ya kesho, na madereva walikuwa wakisubiri kujua wanaelekea wapi.

"Mama Kombyuta, karatasi imetoka. Lete."

"Bado, Bwana Gedi. Sijasomeana na Wajir."

"Imetoka, mimi naiona na macho yangu. Mbona unaikalia kama kuku?"

"Nusu saa tu."

"Nusu saa ya kombyuta ama nusu saa ya watu?"

Nilichukua karatasi zangu nikaingia chumba cha redio, yeye akanifuata akiguna, akavuta kiti, akakaa nyuma yangu ahakikishe sitapiga soga.

"Wajir, Wajir, hii ni Garissa. Wanisikia? Ova."

"Garissa, nakusikia kama uko jikoni kwangu, abaayo. Tawi langu limefika? Ova."

"Limefika, linanukia miraa. Limeungana bila mgongano hata mmoja. Ova."

"Hata mmoja? Basi Mwalimu akirudi mwambie tumeoana. Soma. Ova."

Nikaanza kusoma. Nilisoma polepole, kwa sababu mchana mawimbi yalikuwa na mikwaruzo, na kila badiliko nililieleza: hapa jina la safu limebadilika, hapa swali kwa mtumiaji sasa linasema lita. Abdirashid alijibu "sawa, ova" kila mara, na nyuma yake nilisikia jenereta ikikohoa. Gedi alitikisa goti. Nikafika mwisho.

"Mstari wa mwisho wa hesabu, ule wa kuzidisha kwa mia mbili, nimeuondoa. Ova."

Ile "sawa, ova" haikuja, nikabonyeza kitufe tena.

"Wajir, wanisikia? Ova."

"Abaayo, rudia hapo. Ova."

"Mstari wa kuzidisha kwa mia mbili. Nimeuondoa, kwa sababu jumla tayari iko katika lita. Ova."

"Jumla ya watu iko katika lita. Wallahi, abaayo, ngamia zangu mimi ziko ndani ya mapipa!"

Kabla sijafungua mdomo, sauti nyingine iliingia, ya mbali, yenye usingizi wa mchana. Ilikuwa ya Dahir wa Buna.

"Wajir, hii ni Buna. Nasikia mnasema ngamia ndani ya bipa. Ngamia gani inaingia kwa bipa? Ova."

Mtu wa kituo kingine alicheka hewani. Mimi sikuweza kucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshaona. Nawaeleza nanyi mwone. Abdirashid aliandika sehemu yake juu ya shina la Mwalimu, akihesabu maji ya irmaan kwa mapipa, akijua kwamba mstari wa mwisho utayageuza yote kuwa lita. Mimi niliutoa mstari huo, nikijua kwamba kila kinachoingia ni lita. Kila mmoja alikuwa sahihi ndani ya tawi lake. Tulipounganishwa, pipa la ngamia lilijumlishwa na lita za watu kana kwamba ni lita moja. Chombo hakikuona ubaya wowote, maana mistari yetu haikuwa karibu. Na makazi ya Garissa hayakuonyesha dosari kwa sababu kwetu irmaan ni sifuri, na sifuri ukiipima kwa kipimo chochote inabaki sifuri.

"Abaayo, Buna imepata safari ngapi? Ova," Abdirashid akauliza.

Nikafunua karatasi. Kidole changu kilishuka polepole kuliko kilivyohitaji.

"Moja. Ova."

"Moja?" Ilikuwa sauti ya Dahir, na usingizi ulikuwa umemtoka. "Garissa, sikia mimi. Boza moja, watu watakunywa, sawa. Sasa mbuzi ya maziwa itakunywa nini? Itakunywa redio? Ova."

Hakuna aliyecheka safari hii. Gedi aliacha kutikisa goti.

"Buna, usifunge redio," nikasema. "Tunarekebisha sasa hivi. Wajir, nipe mstari. Ova."

Marekebisho yenyewe yalikuwa madogo. Abdirashid alinisomea mahali pa kuweka, mimi nikaandika juu ya kiganja cha mkono kwa kuwa karatasi ilikuwa imejaa: maji ya irmaan yazidishwe kwa mia mbili pale pale yanapozaliwa, kabla ya kuingia kwenye jumla. Nikarudi kwenye mashine, nikauandika, nikaijenga programu upya. Mashine za wakati ule zilifikiri kwa muda wa kutosha mtu kunywa chai na kujutia sukari. Gedi alisimama nyuma ya kiti changu, akinipumulia utosini.

"Kwa hivyo karatasi ile ya kwanza ilikuwa uongo?" akauliza.

"Haikuwa uongo. Ilijibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza."

"Hiyo kwetu ni uongo, mama."

Printa ikalia. Buna: safari tatu. Makazi mengine ya kaskazini nayo yaliongezeka. Nilifurahi kwa muda wa pumzi moja, kisha nikamwona Gedi akihesabu kwa vidole, na nikaelewa kwamba mimi nimemaliza kazi yangu na yake imeharibika. Maboza ya Wajir hayakutosha safari zile zote.

"Kombyuta yako imezaa ngamia mchana huu," akasema. "Mimi nitazaa maboza?"

"Ya kwetu?"

"Ya kwetu yana watu wao."

Akaiinua ratiba karibu na uso, akaisoma yote tangu juu, midomo ikicheza. Nilichojua kuhusu maboza ni namba tu. Yeye alijua injini, matairi na tabia za madereva. Mwishowe akaingia chumba cha redio, akachukua kipaza sauti bila kuniomba.

"Wajir, hii ni Gedi. Habaswein mnahudumia nyinyi, si ndio? Iacheni. Kesho natuma mbili zangu Habaswein, zichote, zigawe, zirudi. Zenu za Habaswein zibandisheni Buna. Mmesikia? Ova."

"Tumesikia, adeer," akasema Abdirashid, akimpa heshima ya ami. "Allah akulipe. Ova."

"Buna, na wewe umesikia? Ova."

"Nimesikia," akasema Dahir. "Tatu. Nimeandika tatu. Mkibunguza hata moja nitawaita redioni usiku na mchana. Ova."

"Huyu anafanya hivyo tayari," Gedi akaniambia kando, akatoka kutafuta madereva.

Maboza yaliondoka alfajiri. Siku zilizofuata nilijikuta nikipita chumba cha redio mara nyingi kuliko ulazima, nikijifanya natafuta kalamu. Asubuhi moja Dahir akaita, na sauti ilikuwa imerudi na maneno yake yote. Maji yamefika, akasema. Watu wamejaza, irmaan wamenyweshwa, mama mmoja amemkamua mbuzi ambaye alidhani amekauka. "Na hii maji iko na harufu ya dizeli kidogo," akaongeza, "lakini mbuzi hawakulalamika, mimi ndiye nalalamika." Nilijua basi kwamba Buna imepona. Kwa watu wa kule, lalamiko dogo ni dalili ya afya.

Mwalimu aliporudi kutoka harusini, na mfuko wa maembe makavu kwa kila mmoja wetu, nilimsimulia yote nikitarajia neno la sifa. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Mliandika sababu?" Nikamwonyesha maelezo tuliyoyaweka pamoja na toleo lile: nini kilibadilika, kwa nini, na kosa liligunduliwa vipi. Akasoma, akanipa embe la pili. Kisha tukakaa wiki nzima tukifanya jambo ambalo nawasihi nanyi mlifanye: kila jina la namba ndani ya programu tuliliongezea kipimo chake. Haikuwa tena "maji ya mifugo" peke yake. Ikawa "maji ya mifugo lita". Majina yakawa marefu na mabaya, na Abdirashid alisema yanafanana na majina ya ukoo wake. Lakini tangu hapo, ukisoma mstari mmoja tu, popote ulipo, unajua umeshika nini mkononi.

Miaka iliyobaki nawapitisha haraka. Baadaye mvua ilirudi kwa hasira, barabara zikakatika, na programu yetu ya kupeleka maji tukaigeuza ipeleke vitu kwa watu waliozingirwa na maji. Tawi jingine hilo, na lenyewe tuliliunganisha kwa kusomeana. Simu zikafika, redio ya upepo ikawekwa stoo. Vyombo vya kutunza matoleo vilibadilika mara nyingi, kila kimoja kikidai kwamba kabla yake tulikuwa gizani. Nilivipenda vyote. Vinavyotumika leo vina nguvu ambazo Mwalimu angezifurahia, na matawi mnayoyafungua asubuhi na kuyafunga jioni yangetuchukua mwezi mzima. Gedi alistaafu kabla yangu, akafuga ngamia, na hadi sasa huniita Mama Kombyuta sokoni mbele ya watu. Abdirashid ana wajukuu. Sauti bado ni ya mtu mrefu.

Nimeipenda kazi hii. Watu huniuliza kama haikuwa upweke, kukaa na mashine miaka yote hiyo, nami nashindwa kuwaelewa, kwa sababu ninapoikumbuka nasikia sauti tu.

Sasa chukueni hili mkalifanye. Najua wengine wenu mna matawi yanayosubiri wiki hii. Chombo kikikuambia hakuna mgongano, usitume bado. Tafuta namba ya aliyeandika tawi la pili, mpigie. Muulize kwanza namba zake ziko katika kipimo gani. Kisha msomee ulichobadilisha, mstari kwa mstari, ukianza na ulivyoviondoa. Na akikuambia "rudia hapo", rudia.